Sweta Lililoota Shavuni

Saa kumi na moja alfajiri, mlinzi wa lango la kiwanda cha masweta aliinamia beseni la maji ya moto, taulo shingoni, akaanza kupigana na uso wake. Kazini walimwita Mashavu, na si kwa sababu alinenepa. Ngozi yake ilikuwa nyepesi kama ya mtoto mchanga, ndevu zake ngumu kama brashi ya viatu, na hizo mbili hazikuwahi kupatana hata siku moja. Akiteremsha wembe kufuata nywele, vinabaki vishina. Akiupandisha, anachubuka. Nywele iliyokatwa chini sana ilijikunja, ikarudi ndani na kuota humo humo; baada ya siku mbili panavimba kipele, kesho yake wembe unakipasua. Alikuwa amejaribu jiwe la shabu, spiriti, maji ya limau, sabuni ya watoto, na ile mashine ya nyembe tatu ambayo muuzaji aliiapia kwa jina la mama yake. Usiombe. Kila asubuhi maji ya beseni yaligeuka mekundu, na kola za mashati yake zilikuwa na madoa ambayo mkewe alishachoka kuyafikicha.

Kuacha kunyoa hakukuwezekana. Kampuni ilikuwa imebandika tangazo langoni: mlinzi mwenye ndevu hatofautiani na mwizi. Saa kumi na mbili kamili msimamizi wa walinzi, waliyemwita Bwana Pamba, aliwapanga mstari na kumpitishia kila mmoja bonge la pamba mashavuni. Pamba ikipita salama, unaingia zamu. Ikinasa hata unyuzi mmoja, unapiga magoti penye bomba na Bwana Pamba mwenyewe anakunyoa kavu, bila maji wala sabuni, wenzako wakitazama. Mashavu alishanyolewa kavu mara nne. Mara ya nne aliinuka na kipande cha ngozi ya kidevu kinaning'inia, akaambiwa akibandike kwa mate aende kazini. Akakibandika, akaenda.

Asubuhi hii wembe ulipasua kipele kilichokuwa chini ya taya la kushoto. Mashavu alichukua kibano cha mkewe, akaishika ncha ya nywele iliyojificha ndani, akavuta. Ikaja. Akaendelea kuvuta, nayo ikaendelea kuja, hadi ikafika urefu wa mkono mzima. Aliisuuza kwenye beseni, damu ikatoka, akaona kwamba haikuwa nywele. Ulikuwa uzi wa sufu, wa buluu.

"Mama watoto," aliita, "hebu njoo."

Mkewe alikuja na kikombe cha chai mkononi, akatazama. "Usiukate," alisema. "Ukiukata utarudi ndani, halafu uvimbe." Akaweka kikombe chini, akautoa uliobaki taratibu na kuuzungushia kwenye kiberiti kitupu. Aliupitisha kati ya vidole. "Sufu nzuri hii. Ila si ya kiwandani kwenu. Hii imesokotwa kwa mkono."

Mashavu alijifuta damu shingoni. Aliujua uzi huo kabla hata ya kuusuuza.

Wiki tatu kabla ya hapo, mtu mmoja aliyefanya kazi ya kufunga marobota alipita langoni asubuhi amevaa sweta la buluu. Sheria ilikuwa fupi: anayeingia na sweta lake anaandikishwa daftarini, na anayetoka na sweta ambalo halimo daftarini ni mwizi. Mfunga marobota alisimama mbele ya Mashavu aandikishwe, kama kila siku. Lakini hiyo ndiyo asubuhi Mashavu aliyokuwa ametoka kunyolewa kavu. Alikuwa ameshika kitambaa kidevuni kwa mkono mmoja, damu inadondoka, akaona atachafua ukurasa, na ukurasa ukichafuka Bwana Pamba hasamehe. "Pita tu, ndugu yangu," alisema, "nitaandika baadaye." Hakuandika.

Jioni Bwana Pamba aliliona sweta. Mfunga marobota akasema, "Muulizeni Mashavu, yeye ndiye aliyenipitisha." Wakamuuliza Mashavu. Mashavu akalitazama daftari, akalitazama rungu, uso wake unawaka moto, akasema hakumbuki.

Basi. Walimpa yule mtu kipigo cha mbwa mwizi. Rungu la kwanza lilikuwa la Mashavu, maana aliambiwa kwamba mlinzi asiyepiga ameshirikiana na mwizi. Alimpiga tayani, akasikia meno yakivunjika kama mtu anayekanyaga kokoto. Walinzi wengine wanne wakamalizia kwa marungu na buti, kati ya lango na banda la baiskeli, hadi mfunga marobota alipoacha kuinua mikono kujikinga, na baada ya hapo wakampiga kidogo tena. Walipomvua sweta, Bwana Pamba aliligeuza kola. Hapakuwa na lebo wala mshono wa mashine. Alilikunja haraka, akalipeleka kwenye tanuri la boila akalitupa humo. Ripoti ilisema mfunga marobota alianguka kutoka juu ya marobota akijaribu kutoroka, na kwamba sweta moja la kampuni, la buluu, halijapatikana.

Uzi uliendelea kuja. Siku ya pili ulitoka shavu la kulia, siku ya tatu kidevuni, kila mara kwenye kipele kilichopasuliwa na wembe. Mke wa Mashavu aliyataja hayo bombani wakati wa kuchota maji, na mambo ya bombani hayachelewi kufika. Siku ya nne, saa kumi na moja na dakika kumi, mjane wa mfunga marobota alipiga hodi. Alikuwa na mfuko wenye sindano zake za kufumia.

"Shemeji," alisema, "nimesikia uzi wangu unatokea kwako."

"Ni kweli," alisema Mashavu, povu usoni. "Karibu ukae."

Mjane alikaa, akapewa kile kiberiti, akaunusa uzi. Aliutambua. "Watoto wangu shuleni wanaitwa watoto wa mwizi," alisema. "Mkubwa amekataa kwenda. Sweta lile nililifuma mwenyewe, kola nilifunga kwa mafundo mawili mawili, jinsi nilivyofundishwa na mama. Meneja akiliona tu atajua halikutoka kwenye mashine zake. Sitaki kingine, shemeji. Nataka aandike kwamba baba yao hakuiba."

"Utalipata sweta lako," alisema Mashavu.

Tangu siku hiyo alikuja kila alfajiri. Mashavu alijinyoa, vipele vikapasuka, mjane akavuta. Alivuta kama mtu anayechambua mboga, bila huruma na bila chuki, na uliokwisha kutoka aliufuma pale pale kabla haujakauka. Kuna nyuzi zilizoteleza zenyewe. Kuna nyingine zilizokuwa na fundo ndani, na hizo zilichana. Siku uliponasa wa kooni, mjane ilibidi amwekee goti kifuani, mke wa Mashavu akakishika kichwa cha mumewe kwa mikono miwili, na Mashavu akauma taulo hadi likatoboka. Uzi ulitoka na nyama. Damu iliruka ikapiga kioo, ukuta na kikombe cha chai.

"Pole, shemeji," alisema mjane.

"Vuta tu," alisema Mashavu.

Kazini hawakushangaa kumwona na uso kama nyama ya buchani, maana walishamzoea. Asubuhi moja ncha ya uzi ilikuwa imebaki chini ya sikio, ikanasa pamba. Bwana Pamba aliitazama. "Nyuzi za kiwandani zinarukaruka ovyo," alisema. Akampigisha magoti na kumnyoa kavu, wembe ukakwama kwenye sufu, akakasirika, akavua mkanda na kumchapa mgongoni kwa upande wa chuma, mara nane, walinzi wenzake wakihesabu. Kisha akampa rungu lake na kumtuma langoni. Siku nzima Mashavu alipekua mifuko ya watu huku shati limemganda mgongoni.

Sweta lilikuwa limefika makwapani siku mjane alipouliza. Alikuwa ameshika kibano ndani ya shavu la Mashavu, ameanza kuvuta.

"Shemeji, nani alianza kumpiga?"

Mke wa Mashavu alitoka nje kumwaga maji ambayo hayakuwa yamechafuka. Mashavu alitazama dari. Angeweza kusema ilikuwa vurugu, watu wengi, jioni, haikuonekana vizuri. Alikuwa ameyasema hayo kwa mkewe na kwa nafsi yake mara nyingi sana.

"Mimi," alisema. "Na sweta sikuliandika. Alisimama niliandike, nikamwambia apite."

Mjane hakuacha kuvuta. Alivuta hadi mwisho, akaukunja uzi, akaufuma safu nzima, na machozi yakimdondokea juu ya sindano. Alimchukia Mashavu kwa moyo wake wote, akamwambia hivyo kwa sauti ya kawaida. Kisha akauliza, "Utayasema hayo ofisini?"

"Nitayasema."

"Mbele ya Bwana Pamba?"

"Mbele ya yeyote."

Siku ya thelathini na moja uzi wa mwisho ulitoka penye taya la kushoto, mjane akafunga kola kwa mafundo mawili mawili, na sweta likakamilika. Mashavu aliosha uso. Alijipapasa, akajipapasa tena. Hapakuwa na kipele hata kimoja, wala kovu. Ngozi ilikuwa laini, wembe ulikuwa umepita na haukuacha hata mkwaruzo. Tangu alipoota ndevu hakuwahi kuamka na uso usiouma. Alikaa mbele ya kioo mpaka mkewe akamkumbusha saa. Langoni pamba iliteleza mashavuni mwake, na Bwana Pamba akawaambia wengine watazame, huo ndio uso wa mlinzi.

Saa nne mjane aliingia ofisini kwa meneja akalitandaza sweta mezani. Meneja alimwita Bwana Pamba, akamwita fundi mkuu wa mashine, akamwita na Mashavu kutoka langoni.

"Lenyewe hili," alisema Bwana Pamba. "Nililichoma mwenyewe. Limerudi vizuri."

Fundi mkuu aliligeuza, akachungulia kola. "Hili limefumwa kwa mkono," alisema. "Mashine zetu haziwezi kufunga hivi hata zikibembelezwa."

Meneja aliitikia kwa kichwa na kuandika. Mjane alishusha pumzi. Mashavu naye aliona kwamba jambo linakwenda vizuri, na moyo ukamtulia.

"Mlinzi," alisema meneja, "hili ndilo sweta alilovaa siku ile?"

"Ndilo, mzee."

"Daftarini lilikuwa limeandikishwa?"

Mjane akamgeukia. Bwana Pamba pia akamgeukia, akatoa bonge la pamba mfukoni na kumpitishia shavuni polepole, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kitu chake. Pamba ilikuwa baridi, haikunasa popote. Mashavu alikuwa na maneno yote tayari mdomoni: alisimama niliandike, nikamwambia apite, nikampiga wa kwanza. Aliogopa. Aliogopa rungu, aliliogopa lile bomba, na zaidi ya yote aliuogopa uso wake wa jana.

"Halikuandikishwa," alisema.

"Kwa nini?" aliuliza meneja.

"Sikumbuki, mzee."

Meneja alifungua faili. Alieleza kwa upole kwamba sheria haiulizi sweta limefumwa na nani; inauliza kama limo daftarini, na hili halimo. Penye maneno halijapatikana aligonga mhuri wa LIMEPATIKANA, akamshukuru mjane kwa uaminifu wa kurudisha mali ya kampuni, na kumwomba aweke sahihi. Mjane alilishika sweta kwa mikono miwili, akakataa kuliachia. Bwana Pamba alimpiga vifundoni kwa rungu, mara moja kila mkono, akaliachia. Mali iliyoibwa ikipatikana haiuzwi tena, huchomwa, kwa hiyo Bwana Pamba alilikunja vizuri na kulipeleka kwenye boila. Fundi mkuu alirudi kwenye mashine zake.

Mashavu alikuwa langoni mjane alipotoka. Kila anayetoka hupekuliwa, naye akampekua: mifuko ya gauni, pindo, kisha ule mfuko wa sindano. Humo mlikuwa na sindano mbili, kibano na kiberiti kitupu. Mjane alisimama akiwa ameinua mikono yake iliyovimba. Juu ya paa la boila moshi ulikuwa umeanza kutoka, na Mashavu akahisi panamwasha chini ya taya la kushoto, akajikuna, vidole vikarudi na damu.

Mjane alipatazama pale alipojikuna. Alisogea karibu, akapima kwa jicho.

"Kesho nije saa ngapi, shemeji?"

"Saa kumi na moja," alisema Mashavu, na kumfungulia lango.