Kiganja Wazi

Stoo ya shule ilikuwa na dirisha moja, nalo lilizibwa na madawati mabovu yaliyorundikwa hadi juu. Kati ya madawati hayo na mifuko ya chokaa, mwalimu alikuwa amekaa mkekani, magoti yanamuuma, mkono wake umo mikononi mwa mtoto wa miaka tisa. Saa tatu ilikuwa bado, lakini bati lilishaanza kuchoma. Mtoto alipapasa kifundo cha mkono wa mwalimu mpaka akaipata bangili ya shaba, akaizungusha mara moja, akatulia. Ndiye. Kisha akafungua kiganja chake, akakiinua kama alivyofundishwa. Maana yake: sema nami.

Mtaani walimwita Kimya, na jina lenyewe lilikuwa kejeli tupu, maana hapakuwa na mtoto mwenye makelele kama yule. Alizaliwa haoni, hasikii. Bibi yake, aliyemlea tangu mama mtu afariki, alimpeleka shule ya wasioona, wakamkataa kwa kuwa ni kiziwi. Akampeleka shule ya viziwi, wakamkataa kwa kuwa haoni. Kila mlango ulikuwa na sababu yake nzuri, iliyopigwa muhuri. Mwalimu alipowakuta njiani, bibi amembeba mjukuu wa miaka sita mgongoni, alisema basi, mlete kwangu. Siku ya kwanza mtoto alimng'ata mkono mpaka damu ikatoka, na alama za meno zipo hadi leo. Mkuu wa shule akawapa stoo, akijua mwalimu atachoka baada ya wiki.

Hakuchoka. Neno la kwanza, maji, lilichukua miezi mitano. Lakini lililomtoa jasho hasa ni neno subiri. Unamgonga kiganjani mara mbili kwa kidole, yeye anabaki amekifungua, tayari kwa mkono utakaorudi. Mwalimu aligonga, akaenda hatua mbili, mtoto akapiga ukelele, mwalimu akarudi. Akagonga, akaenda hatua tatu, akarudi. Miezi minane ya kwenda na kurudi kama mwehu, na watoto wa darasa la tatu wanachungulia mlangoni wakimcheka. Mpaka siku moja alitoka, akavuka uwanja, akanywa chai yake yote ofisini, akarudi na kumkuta Kimya palepale, kiganja wazi juu ya goti. Jamani, mwalimu alilia, wala hakujificha. Mtoto alikuwa amejua kwamba mtu akiondoka hajafa, kwamba atarudi.

Wageni kutoka kwa wafadhili walikuja Jumatano. Siku moja kabla, fundi alipaka rangi kibao kikubwa na kukipigilia juu ya mlango wa stoo: DARASA LA WATOTO WENYE MAHITAJI MAALUMU. Asubuhi Mkuu akaleta watoto kumi na wawili wa darasa la tatu, akawaketisha kwenye madawati ya kuazima, akawaambia wafumbe macho na wasimjibu mtu. Mmoja alikuwa akibana kicheko hadi mashavu yakamvimba. Kisha Mkuu akamvuta mwalimu pembeni na kumwomba, kwa upole kabisa, leo awe mtu mzima.

Mgeni mmoja, mama wa makamo, aliinama akamtazama Kimya akiizungusha bangili. Akauliza, mwalimu ana wanafunzi wangapi?

"Mmoja," mwalimu akasema.

"Na hawa?"

"Hawa ni wa darasa la tatu. Saa hizi walitakiwa wawe kwenye hesabu."

Kile kicheko kilichobanwa kikapasuka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Barua ya uhamisho ilifika kabla wiki haijaisha. Mwalimu akaenda kwa afisa elimu, akasimama mbele ya meza, maana hakuambiwa akae. Afisa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. Alieleza taratibu kabisa kwamba huko anakopelekwa kuna watoto tisini na sita ndani ya chumba kimoja na hawana mwalimu, na kwamba mtoto mmoja si darasa. Mwalimu aliomba wiki mbili tu.

"Za nini?"

"Nimfundishe neno la kuaga. Hana."

Afisa alimtazama. Kweli hakuelewa. "Mwalimu, si haoni huyo? Si hasikii?"

"Ndiyo."

"Sasa ukiondoka, atajuaje?"

Akapewa hadi Ijumaa.

Maneno ya Kimya yalikuwa arobaini na moja, na mwalimu aliyapitia yote kichwani mwake bila kupata la kumfaa. Lililokaribia ni imeisha, yaani kufuta kiganja kwa kiganja, ambalo mtoto alilitumia uji ukimalizika kikombeni. Basi Ijumaa hiyo alimshika mkono akauweka juu ya bangili, kisha akamfuta kiganja. Mwalimu. Imeisha.

Kimya aliinamisha kichwa, akawaza. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kama mlango usiotiwa mafuta. Akapapasa mkekani akakipata kikombe chake, akakipindua, akamgonga gonga mwalimu kifuani kumtuliza. Kwani uji ukiisha leo, kesho si unakuja mwingine? Mwalimu alijaribu tena. Mara ya tatu mtoto alishtuka, akaanza kupumua haraka haraka, meno nje.

Hapo moyo ukamshinda. Alimgonga kiganjani mara mbili. Subiri.

Kimya akakaa wima, kiganja wazi juu ya goti. Mwalimu akachukua mkoba wake, akaondoka kwa kunyata, akanyata mbele ya mtoto asiyesikia.

Huko alikohamia kulikuwa na kazi ya kutosha kumsahaulisha mtu jina lake. Lakini akiandika ubaoni, mgongo kwa wale tisini na sita, bangili ilizunguka kifundoni mara moja, polepole. Aligeuka, hakuna mtu karibu. Aliivua akaifungia mkobani, na bado kifundo kikazungushwa. Watoto walizoea kumwona amesimama na chaki hewani, akiutazama mkono wake. Waliambiana kwamba mwalimu mpya ana mashetani.

Bibi alimpigia kwa simu ya jirani. Hakugomba, aliuliza tu.

"Mwanangu, ulimwambia nini huyu mtoto? Kila kukicha ananivuta hadi shuleni. Nikimzuia ananiuma. Nilimfungia ndani, akajigonga kichwa ukutani mpaka nikaogopa. Anakwenda kukaa. Nimwambieje kwamba hurudi?"

Kesho yake mwalimu alikwenda kwa mkuu wake mpya. Aliomba ruhusa ya siku mbili, akanyimwa. Akaomba tena, akakumbushwa kilichomleta huko. Akapiga moyo konde, akangoja likizo. Miezi mitatu.

Stoo aliikuta na kufuli, imejazwa saruji. Kibao kilikuwa kimehamishwa getini ili kionekane na wapita njia, na Kimya, kwa kuwa alizuia mlango wa stoo, alihamishwa pamoja nacho. Alikuwa amekaa chini yake, kavaa sare ileile iliyofifia, kiganja wazi juu ya goti. Mtu mmoja alipita na baiskeli, akapunguza mwendo, akainama, akamtilia sarafu. Mtoto akaifumba, akaitia mfukoni, akafungua tena kiganja.

Bibi aliinuka kutoka kivulini alipomwona. Hakuweza kumtazama usoni.

"Sikumfundisha mimi," alisema. "Wallahi, mwalimu. Watu walianza wenyewe. Siku za mwanzo alikuwa akizitupa, anazitupa kwa hasira, anatafuta mkono. Mimi naziokota, namnunulia mkate. Akaelewa." Akavuta kanga yake begani. "Ana akili, si ulisema mwenyewe?"

Mwalimu alipiga magoti mchangani, bangili iko mkononi. Akatia mkono wake ndani ya kile kiganja.

Kimya alishtuka. Vidole vyake vikapanda hadi kifundoni, vikaipata bangili, vikaizungusha mara moja. Mwalimu akaanza kumtilia maneno kiganjani haraka haraka, lolote lililomjia, maji, uji, bibi, maji. Vidole vya mtoto havikusubiri yaishe. Vilirudi chini, vikaanza kumkunjua vidole kimoja kimoja, cha kwanza, cha pili, mpaka gumba, kisha vikapapasa katikati ya kiganja. Hapakuwa na kitu.

Mtoto akauachia ule mkono. Akageuzia uso barabarani, akafungua tena kiganja chake.

Mwalimu alibaki amepiga magoti chini ya kibao. Alimgonga bega, mtoto akamsukuma. Basi akafungua pochi yake na kuanza kutafuta sarafu.