Kidole Kilichoinuliwa

Jumapili, tarehe 6 Machi 1842. Asubuhi ile ilinyesha mvua iliyochanganyika na theluji, na barabara za Vienna zilikuwa tope tupu. Nilitoka misa ya kwanza nguo imelowa hadi magotini. Nilikuwa nimemwomba Mungu anipe moyo wa kumsamehe Kasimir Dravetz, lakini kila nilipofika kwenye neno lenyewe nilirudi mwanzo wa sala.

Basi mchana nikaenda kwenye onyesho lake la piano.

Nilimkuta katika chumba cha nyuma ya ukumbi, amezamisha mikono kwenye beseni la maji ya moto. Marehemu baba ndiye aliyemfundisha hilo, zamani alipokuwa mwanafunzi wetu wa piano, akila mezani kwetu na kuniita dada.

"Ottilie," alisema bila kugeuka. "Nasikia bado unafundisha watoto wa waoka mikate."

"Wana adabu kuliko wengine waliopita mezani kwetu."

"Umekuja kuomba kiti?"

"Nimekuja kuomba jina langu. Kesho Bwana Pilgram anachapa toleo la pili la yale mazoezi kumi na mawili ya piano. Ni yangu. Ulizichukua karatasi zangu wiki tuliyomzika baba, ukasema unawapelekea wachapishaji wa Paris wazione."

"Wakaziona."

"Kwa jina lako."

Alifuta vidole, kimoja kimoja. "Nani angenunua mazoezi ya mwanamke mwenye mkono mbovu? Mimi ndiye niliyeyatembeza duniani. Nenda nyumbani, dada. Ukipiga kelele huko ukumbini, watasema huyu hakuolewa, sasa wazimu umempanda."

"Mkono huu uliuharibu wewe."

"Uliuleta mwenyewe."

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa ametengeneza kimashine cha mbao na kamba cha kukivuta kidole cha pete kipate nguvu, maana ndicho kidole kivivu cha kila mpiga piano. Alitaka kukijaribu kwanza kwenye mkono wa mtu mwingine. Kitu kilikatika ndani, na tangu siku ile kidole cha pete cha mkono wangu wa kulia kimesimama juu, hakishuki. Nililia, nikasali, halafu nikajitungia muziki wa vidole vilivyobaki. Juu ya noti niliandika namba za vidole, kama tufanyavyo walimu, na kwa mkono wa kulia namba nne, yaani kidole cha pete, haimo hata mara moja.

Kasimir alibadilisha jina tu. Namba aliziacha. Walimu walipomuuliza, aliwajibu kuwa hiyo ni siri ya mtindo wake mpya. Vienna nzima ikaiga. Mabinti wa mabaroni walikaa kwenye piano kidole kimesimama kama mkia wa paka, na kikishuka mama zao waliwachapa kwa fimbo.

Alipiga vizuri mchana ule. Sitasema uongo siku ya Bwana. Nyuzi mbili za piano zilikatika, wanawake wakapunga vitambaa. Mwishoni ukapitishwa mtungi wa fedha, kama ilivyo desturi: kila atakaye anatia karatasi yenye tuni, na mpigaji anaibuni upya papo hapo. Nami nikatia yangu.

Bwana Pilgram, mchapishaji, ndiye aliyekuwa akizitoa na kuzisoma. Ya tatu ilimfanya avae miwani.

"Hii si tuni," alisema. "Ni ukurasa wa zoezi la tisa, na chini yake kuna swali. 'Bwana Dravetz ana vidole kumi vizima. Kwa nini hapa anakiruka kidole cha nne, na kukiruka kunamuumiza mkono mtu mwenye vidole vizima?'"

"Ni siri ya mtindo wangu," alisema Kasimir, akainama kwa madaha.

"Basi itoboe," mzee mmoja alisema kutoka nyuma. "Binti yangu halali kwa maumivu ya siri yako."

Watu wakacheka. Nikasimama, nikapanda jukwaani, nikavua glovu. Kasimir alijifanya ananikaribisha jukwaani, akaninong'oneza, "Shuka, kilema wewe." Nikakaa kwenye piano yake, nikapiga zoezi la tisa.

Mkono ulitembea bila taabu, kwa sababu ulikuwa nyumbani kwake. Kidole cha pete kilisimama juu mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza, niliuacha mkono juu ya piano wote wauone. Kisha msichana wa safu ya mbele akasema, "Mama, tumekuwa tukiiga ulemavu."

Kicheko kilichofuata hakikuwa chema. Walimcheka Kasimir, na walijicheka wenyewe, na hilo la pili liliwakasirisha. Glovu moja ilirushwa kutoka kwenye viti ikampiga kifuani.

"Kasimir," alisema Pilgram, "mtambo wa kuchapa unaanza kesho saa moja asubuhi. Nani aliyeandika namba hizi?"

Kasimir aliutazama mlango wa pembeni. Ulikuwa umejaa watu. "Yeye," alisema.

"Na muziki?"

"Huo pia. Yeye."

"Paza sauti," alisema yule mzee. "Tumetoka makwetu kuja kusikia."

Kasimir aliugeukia ukumbi. "Naahidi mbele yenu nyote. Toleo la pili litatoka kwa jina la Ottilie Seiberl." Kisha akaniinamia. "Umeshiba sasa, dada?"

Nilitafuta msamaha moyoni. Bado haukuwepo, na Mungu anajua nilitafuta. Nikaivaa glovu polepole, nikasema ili hata wa nyuma wasikie:

"Nami naahidi, na hawa wote ni mashahidi. Likitoka bila jina langu, kila mji utakaopiga piano nitakaa safu ya mbele, mkono huu bila glovu."