Esansi ya Mama Clotilde

Mwenye gari aliyetaka ushauri mjini Likasi alikwenda kwa Mama Clotilde. Miaka ile ya Zaire stesheni za mafuta zilikauka wiki nzima, naye aliuza petroli, esansi kama wenyewe wanavyoiita, kwa chupa na madumu kando ya barabara ya kwenda mtaa wa Panda. Peugeot yenye injini kali aliipa super, na dereva aliyeng'ang'ania ile ya kawaida alikaripiwa mbele za watu: "Utaisikia injini inagonga ku mulima, halafu utakuya kulia kwangu!" Kabla ya kuuza alidondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Esansi safi hukauka bila alama. Iliyotiwa mafuta ya taa huacha doa.

Hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuchanganya yeye mwenyewe. Mara moja tu, siku ya uhaba, miaka minne nyuma. Na katika watu wote wa mji ule, jamani, dumu lile alilinunua Floribert, dereva wa teksi, akimkimbiza hospitali mkewe Mathilde mwenye uchungu wa kuzaa. Gari lilizimika mlimani. Lilipofika hospitalini kwa kusukumwa, Mathilde hakuwa hai tena. Tangu hapo, kila gari lililopanda mlima ule, Clotilde aliacha kazi akasikiliza kama litafika juu. Siku nyingine alisikia injini ikikohoa na kuzima, akageuka upesi, na barabara ilikuwa tupu.

Kibaya zaidi, Floribert hakununua kwingine. Kila asubuhi alikuja kwake, na kila asubuhi alimshukuru.

Jumatatu moja alifika mbio, shati likiwa nje. Kwenye kiti cha nyuma dada yake Georgette alikuwa akijikunja kwa uchungu.

"Mama, super, litre tano! Mbio!"

Clotilde alikuwa ametoka kupima pipa jipya aliloletewa na mchuuzi wake, esansi pekee aliyokuwa nayo. Karatasi ilikuwa na doa.

"Papa Floribert, leo enda kwa Alphonsine, pale ng'ambo ya barabara. Yake iko safi."

"Alphonsine? Hapana! Dada yangu iko ndani ya motokari. Minye naamini yako tu."

Akanyanyua mwenyewe dumu lililojazwa kutoka pipa lile. Clotilde alilishika kwa mikono miwili.

"Acha! Iko na mafuta ya taa ndani. Na ile ya Mathilde ilikuwa nayo. Ni minye nilichanganya."

Floribert alimtazama kama mtu asiyemjua. Georgette akapiga kelele. Floribert akaachia dumu, akavuka barabara, Alphonsine akamtilia. Gari lilipanda mlima bila kukohoa, na Clotilde akakaa chini akalia.

Kesho yake Floribert alirudi kwa miguu. Alisema Georgette amezaa mtoto wa kike. Clotilde alisimama akingoja matusi, au ngumi.

"Miaka ine," Floribert alisema, "nilijua ni minye. Nilisema moyoni nilikanyaga pedali mubaya, nikazimisha motokari, nikaua bibi yangu Mathilde. Mikono yangu sikuweza kuiangalia." Akaketi juu ya pipa. "Sema tena."

Clotilde akasema yote, tangu alipochota mafuta ya taa hadi alipompa dumu mkononi. Floribert alisikiliza amefumba macho, akaondoka bila kuaga.

Siku iliyofuata alirudi, na iliyofuata pia. Hakununua kitu. Aliketi tu, akafumba macho, na Clotilde akaanza kusimulia upya, tangu mafuta ya taa.