Kisutu cha Shekha Katika Mfarishi

Tangu Jumatatu nilikuwa nimekaa mkekani mpaka mgongo umeniisha. Mahfudha, binti wa marehemu dada yangu Shekha, alikuwa aolewe Alhamisi, nami nilimwahidi mfarishi wa kitandani ulioshonwa kwa leso za mamake, kanga alizoziacha. Nimemlea hapa Malindi tangu ana miaka miwili. Leso zilikuwa chache na hakuna za kuongezea, kwa hivyo nikikosea, nimekosea.

Kuunga viraka si kazi. Kazi ni rangi. Wanaoanza hupenda kila king'aacho, wakaweka manjano juu ya chungwa, na mwenye kulalia huamka kichwa kinamuuma. Mimi huanza na nyeupe nyingi, kitambaa cha bafta, nikatia nyeusi kidogo iliyochakaa, kisha nyekundu katikati, jicho lipate pa kutua.

Nyekundu niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, kisutu kipya, ile leso ya maharusi. Shekha alimnunulia mtoto angali ananyonya, cha siku ya harusi yake, akakiweka sandukuni pamoja na udi, akafa bila ya kukikunjua.

"Hiki umekifua?" akauliza Kahonzi, jirani yangu mtu wa Tezo, aliyekuwa akinisaidia kupiga bandi, ule mshono wa kushikiza.

"Sijakifua."

"Dada Mishi, nyekundu mpya haikai na bafta nyeupe mpaka irowekwe kwa maji ya chumvi. Si wewe uliyenifunza?"

"Shona tu, Kahonzi."

Akashona. Sikumwambia sababu. Miaka kumi na sita nimekuwa nikifungua lile sanduku nikimnusa dada yangu, na sabuni isingeniachia kitu. Niliijua kanuni nikaivunja kusudi, kwa ubishi wa mtu aliyechoka.

Jumatano adhuhuri tukautandika. Wanawake wa upande wa bwana harusi wangekuja baada ya alasiri kutazama chumba, na kitanda cha bi harusi hakiachwi hivi hivi. Nikafukiza udi, nikachukua mrashi, nikanyunyiza marashi. Wala sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe.

"Dada Mishi," Kahonzi akasema taratibu.

Kila tone lilipoanguka, wekundu ulikuwa ukitambaa kuingia kwenye bafta. Madoa mekundu, tena kwenye kitanda cha mwari, kabla ya siku yake. Wale wanawake wasingehitaji kuambiwa la kusema.

"Ukiwahiwa kwa maji ya chumvi utatoka," Kahonzi akasema.

"Mfarishi haufuliwi."

"Basi utautandika hivi?"

Mahfudha akaingia, mikono ina hina mbichi, akatazama kitanda, akanitazama mimi. Nikamwambia kweli yote, kwamba ukifuliwa harufu ya mamake ndiyo inakwenda, na hakuna nyingine duniani.

Akainama akanusa. Nami nikamngoja alie.

"Mama mdogo, mimi siijui hii," akasema. "Nasikia udi tu. Usikasirike. Nikisema harufu ya mama, mimi naona mafuta yako ya nazi na hiyo sabuni yako ya mche."

Nilikasirika. Kisha hasira ikanitoka, nikabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda, mzee ghafla. Miaka yote hiyo nilijiambia namwekea mtoto amana yake, kumbe najiwekea mwenyewe. Yeye mama alikuwa naye.

Nikamtuma Kahonzi chumvi na karai. Sikukubali mtu anisaidie. Nilipouzamisha mfarishi maji yaligeuka mekundu mpaka viwikoni, nikalia mbele yao bila ya haya, na nikaendelea kusuuza mpaka maji yakawa meupe.

Wageni walipofika walikuta kitanda kina shuka tupu. Wakauliza mfarishi waliousikia uko wapi. Mahfudha akawaonyesha uani, ulipokuwa ukichuruzika kwenye kamba.

"Mama ameufua," akasema.