Hewa Mpaka Jumatatu

La, hakumpiga karani. Hayo ya kurusha kiti ni chumvi za watu. Fundi baiskeli yule, aliyekuwa akiwajazia upepo watoto wa mtaa mzima bila kutoza senti, atampiga nani? Alikwenda kulipa, basi. Pesa kazifunga kwenye leso, na nyuma yake kaka yake mkubwa, dereva wa lori, maana hati ya kiwanja iliyowekwa rehani pale hospitali ilikuwa ya huyo kaka. Bila hati ile maiti ya mtoto isingetoka.

Mtoto mwenyewe wa kike, miaka minne, kifua. Jumanne wakamlaza, wakamtia kile kibomba cha puani, mtungi wa hewa pembeni. Ijumaa adhuhuri akakata roho mikononi mwa baba yake. Mama mtu katumwa nje kununua glovu. Jumamosi wakazika. Tangu hapo, mteja akilegeza valvu na tairi likaanza kutoa ile fsss, fundi anaweka spana chini anatoka, anakwenda kusimama barabarani.

Karani, kijana mwenye adabu zake, akaanza kumsomea bili. Kitanda. Dawa. Kufungua faili kuna malipo, na kulifunga nako kuna malipo. Fundi anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, mpaka wakafika kwenye hewa. Siku saba.

"Siku nne, mwanangu," akasema. "Alikufa Ijumaa."

"Pole sana, baba. Ila hapa yuko kwenye hewa mpaka Jumatatu."

"Jumamosi tulizika."

"Naelewa, baba. Mtungi haufungwi kwenye kompyuta mpaka sista mkuu asaini, na wikiendi sista mkuu hayupo."

Kaka mtu akauliza, sasa Jumapili hiyo hewa aliivuta nani, sista? Watu wa foleni wakacheka kidogo, kisha kila mmoja akaangalia karatasi yake. Karani hakuudhika. Akawaeleza kwamba bili inarekebishika, walete tu karatasi ya kifo kutoka dirisha la pili. Wakaenda dirisha la pili. Pale wakaambiwa karatasi ya kifo haitoki mpaka bili iishe. Wakarudi. Karani akawapa pole nyingine, akawakumbusha pia kwamba hati ikilala pale, kesho yake kuna malipo ya kuitunza.

Leso ikafunguliwa. Hazikutosha. Kaka akajazia za mafuta ya lori, ambazo si zake, za tajiri wake, na hilo nalo lina hadithi yake. Ndipo ikaletwa karatasi ya kusaini, kwamba mgonjwa amepata huduma zote zilizotajwa.

"Nikisaini hapa nasema alikuwa hai?"

"Unasema umelipa tu, baba."

Fundi akabaki na kalamu. Macho alimfumba mwenyewe. Kifua alikisikiliza mwenyewe, akaweka sikio, akaita, hakuna. Lakini yeye ni mtu wa kuziba pancha. Hawa wana mashine, wana makoti meupe, nao wanasema Jumatatu. Na aliyetupa udongo wa kwanza kaburini alikuwa yeye. Akasaini.

Nyumbani msomaji ni mkewe. Hati iliyokombolewa mke akamkabidhi shemeji yake kwa mikono miwili, akamshukuru, kisha akachukua risiti na kuipitia mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno. Kikasimama.

"Siku saba za nani hizi?"

Mumewe akasema makosa ya ofisini tu, sista hakuwepo. Mke akaanza kuhesabu kwa vidole, Jumanne, Jumatano, akafika Jumamosi, akakunja mkono.

Mama mkwe wake akaita kutoka uani kwamba chakula kinapoa, na toka asubuhi hakuna aliyetia kitu tumboni. Mkeka ukatandikwa. Maji ya kunawa yakapita. Wakakaa wote, fundi, kaka yake, mama mkwe, na mwisho mke, aliyekuja na sinia akaliweka katikati.

"Baba'ke," akasema taratibu, "kifua ulikisikiliza wewe?"

"Mimi."

"Ulikisikiliza vizuri?"

"Kula, shemeji," kaka mtu akasema, akimega tonge la kwanza. Fundi naye akapeleka mkono kwenye sinia, na mkewe akiwa bado anamtazama mdomoni, akingoja jibu, wakaanza kula.