Nyumba Namba Saba Yageukia Upepo

Saa nane mchana msanifu alitundika kipimajoto kwenye msumari ndani ya nyumba namba saba, akasubiri dakika kumi. Kilisoma thelathini na tisa. Kwa hesabu zake kilipaswa kusoma ishirini na nane.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi sakafuni, akimpangusa mwanawe kwa kitambaa kibichi. Mtoto alizaliwa wa miezi saba, na muuguzi alikuwa amesema waziwazi: huyu joto halimudu.

Msanifu alitoka nje, akatazama jua, akatazama nyumba, akaduwaa. Alikuwa amezichora nyumba zile kwa miaka miwili, nyumba za watu wa kipato kidogo, zisizohitaji feni wala umeme mwingi. Ukuta mnene wa udongo, usio na dirisha, ulipaswa kukaa magharibi na kuzuia jua la alasiri. Madirisha yalipaswa kutazama kaskazini, unakotoka upepo. Sasa madirisha yote ishirini na nne ya safu ile yalitazama magharibi, na jua lilikuwa limeingia hadi jikoni.

"Mimi nimejenga kama karatasi inavyosema, dada," alisema fundi mwashi, ambaye wote walimwita Futikamba. Akamwonyesha karatasi. Ilikuwa ramani yake mwenyewe, imezungushwa robo duara na kupigwa muhuri wa meneja wa mradi.

Meneja, alipofuatwa ofisini, hakukana.

"Barabara iko magharibi, binti. Wageni wa ufunguzi watapita huko. Ulitaka waone migongo ya nyumba?"

Msanifu aliikunja ramani, akaondoka.

Jumatatu iliyofuata nyumba namba saba ilianza kugeuka. Iligeuka polepole, shubiri moja hivi kwa saa, bila kumwaga maji ndooni. Mama mtoto alianika nepi juani, akazikuta kivulini, akahamisha kamba.

"Jirani, mlango wako unakuja kwangu," alisema mwanamke wa namba nane.

"Si uzuri huo? Tutateta bila kutoka nje."

"Uambie usifike jikoni tu. Leo sijaosha vyombo."

Alhamisi mchana nyumba ilitazama kaskazini, ikatulia. Upepo uliingia kwa madirisha ya chini, ukatokea kwenye matundu ya juu. Kipimajoto kilisoma ishirini na nane. Mtoto alinyonya mpaka akashiba, kwa mara ya kwanza tangu wahamie, akalala na kukoroma kama mzee. Msanifu alisimama mlangoni akimsikiliza, akaandika namba ile kwenye daftari mara mbili.

Ijumaa meneja alikuja na kamba ya kupimia. Aliivuta kutoka namba sita hadi namba nane, akatikisa kichwa.

"Imetoka kwenye mstari," alisema.

"Imekaa inavyotakiwa kukaa," alisema msanifu. "Na kwa zile nyumba sitini ambazo hazijajengwa bado, kuirudisha ramani kama ilivyokuwa ni kazi ya asubuhi moja. Nitaifanya leo."

"Mabango ya ufunguzi yameshachapishwa, madirisha yakitazama barabara."

"Mtoto anapumua vizuri sasa. Ingia umwone."

"Nimemwona. Mtoto mzuri," alisema meneja, na alimaanisha. Kisha akaita trekta.

Trekta iliirudisha nyumba kwenye mstari kwa nusu saa. Futikamba alizika kulabu nne za chuma kwenye zege, akafunga minyororo kwenye pembe za msingi. Alifanya kazi bila kumtazama mtu. Meneja akamwomba msanifu achore kulabu kama zile kwa nyumba sitini zinazofuata, ziwekwe mapema kabla nyumba hazijazoea kugeuka.

"Chora imara, binti. Wewe ndiye unayezijua nyumba hizi."

Msanifu alisema hatachora. Meneja akasema basi, atachora mwingine, na kabla ya chakula cha mchana mwingine alikuwa ameshachora.

Saa tisa jua lilikuwa limejaa madirishani. Nyumba namba saba ilianza kuvuta. Minyororo ilikazika, ikalia, na majirani wakaongeza sauti ya maongezi ili wasikilizane. Ndani, mama alikuwa amemfunga mtoto kifuani, amekita miguu sakafuni, akiusukuma ukuta kwa mgongo ili kuisaidia nyumba.

"Upande huu au ule?" aliuliza msanifu, akiingia.

"Huu. Sogea hapa karibu nami."

Msanifu alivua viatu, akaweka bega ukutani. Walisukuma hadi jua lilipozama, na nyumba haikusogea.