Uji wa Sheldon

Mama Fiona alikataa chai yangu. Alikuwa jikoni na wanawake wenzake wa kanisa, akasema amefunga, akakirudisha kikombe juu ya meza kwa kukisukuma na kidole kimoja. Baada ya muda nilimkuta sebuleni anakula chapati aliyoleta mwenzake. Wale wengine walipokea vikombe, lakini hakuna aliyekunywa. Walipoondoka nilimwaga chai yote kwenye sinki, imeshika utando juu, nikawa najiuliza nimekosa nini. Chai yangu watu huwa wanaiomba.

Jibu lilikuwa ndani ya sala yao, ila nilichelewa kulielewa. Waliposimama kumwombea Sheldon, Mama Fiona alipaza sauti: "Bwana, ukauke mkono wowote uliotia kitu kwenye chakula cha mtoto wetu!" Wakasema amina. Mmoja alifumbua macho akanitazama mikono.

Nyumba ni ya Mama Sheldon, kule Pearland, Texas. Jina lake ni Loice, ni nesi katika hospitali moja ya mjini. Mume wake, Baba Sheldon, ni mzee wa kanisa, mtu wa sauti ndogo. Mimi nilikuwa napika na kumwangalia Shosho, mama yake Baba Sheldon, ambaye kumbukumbu zimemwishia. Shosho ananiita Kathure, jina la dada yake aliyefariki Meru, nami naitika. Mwisho wa wiki nilikuwa narudi mtaa wa Gulfton kwa kaka yangu Bertrand.

Sheldon ni mtoto wao wa pekee. Anacheza besiboli ya kulipwa, ni mrushaji katika timu iliyo ngazi moja tu chini ya ligi kuu. Majira ya baridi yaliyopita alikuwa nyumbani, na kila asubuhi nilimpikia uji. Kisha akarudi kambini kwa timu, wakampima mkojo, wakakuta dawa ya kujenga misuli. Alikata rufaa. Wakati rufaa inasubiriwa, timu ilimrudisha nyumbani, na kanisani tukaambiwa ni bega, eti linamuuma tangu majira ya baridi.

Zamani nilikuwa namheshimu. Shosho akipiga makofi mbele ya televisheni, nami nilipiga. Lakini mimi ndiye niliyefua mashuka yake. Mgongo wake ulijaa chunusi kubwa zilizokuwa zinapasuka, na shuka zilikuwa na madoa ya damu na usaha. Suruali zake za ndani zilikuwa na tone la damu upande mmoja wa tako, wiki nyingine upande wa pili. Jasho lake lilinuka siki. Ndani ya friji, kwenye rafu ya mayai, kulikuwa na vichupa vidogo vya mafuta ya njano. Mama Sheldon alisema ni dawa ya Shosho. Shosho hajawahi kuchomwa sindano tangu nifike pale.

Nilinyamaza. Mtu mzima anajichoma mwenyewe, mama yake nesi anamshikia pamba, mimi ni nani?

Siku ile ya sala, wageni walipoondoka, Mama Sheldon aliniita jikoni.

"Lili, kaa. Usiogope, mamii. Si wewe ulikuwa unampikia Sheldon uji wa wimbi?"

"Ndiyo, Mama Sheldon."

"Ulikuwa unaweka nini ndani?"

"Ulezi, maziwa na ndimu kidogo."

"Na mwarobaini."

"Hapana."

"Nisikilize vizuri. Na mwarobaini. Ulinunua unga wake Gulfton, kwa mwanamke humjui jina. Ulimwonea Sheldon huruma kwa sababu ya bega, ukamwekea kwenye uji bila kutuambia. Hukujua watu wa huko wanachanganya vitu. Si kosa lako. Si kosa la mtu yeyote."

Akaweka mezani kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na unga wa kijani wa mwarobaini. Akafungua friji, akachukua kichupa kimoja kutoka rafu ya mayai, akavuta mafuta kwa bomba la sindano, akayadondosha ndani ya kopo. Akakoroga kwa kijiko cha chai cha Shosho. Unga ulifanya mabonge yaliyoteleza kama makohozi. Alifanya kazi ile kwa utulivu kabisa, mikono misafi ya nesi, kucha fupi, kwenye meza ya kulia chakula. Kisha akakilamba kidole kimoja cha mkono mwingine, kilikuwa na siagi ya chapati.

Nilirudisha kiti changu nyuma.

"Shika kopo," akasema. "Shika vizuri, nikupige picha."

Sikulishika.

Sheldon akaingia, hana shati. Akanywa maziwa kutoka kwenye galoni, mdomo juu ya mdomo wa galoni, akauliza kwa Kiingereza kama nimekubali. Yeye na mama yake huwa wanaongea hivyo, mama Kiswahili, mtoto Kiingereza.

"Anakubali," mama yake akasema. "Lili ni mtu wetu."

"Mama Sheldon," nikasema, "na mimi niliunywa ule uji."

Hapa lazima nieleze. Kwetu Burundi hakuna neno baya kama mrozi, mchawi wa sumu. Mwizi anaweza kusamehewa, hata aliyepiga mtu kwa panga anaweza kurudi akaishi na watu. Lakini anayetia kitu kwenye chakula hana pa kurudi, na watoto wake hawaolewi. Ndiyo maana anayekupa kinywaji anaonja yeye kwanza, mbele yako, ndipo anakukabidhi. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania tulifanya hivyo, hata kwa maji. Pale Pearland niliendelea. Mama Sheldon mwanzoni alilalamika habari za vijidudu, Shosho akasema huyu Kathure amekuwa mlafi, kisha wote wakazoea.

"Utasema hukuonja," Mama Sheldon akasema.

"Nilionja kila kikombe."

"Lili. Hayo ni mambo yenu ya huko. Hapa ni Texas, nani anaonja uji wa mtu mwingine?"

"Nikisema nilimpa bila kuonja, watu wetu watasema nilimroga."

"Watu wenu gani? Hao wanaobeba mizigo kwenye maghala? Watajuaje?" Akavuta kiti karibu, akanishika goti. "Sikiliza, mtoto wangu. Wewe uliishia darasa la tano. Hakuna atakayekufanya kitu. Wataona ni msichana tu, hajui. Na Wazungu mambo ya miti shamba ya Waafrika wanayapenda sana. Wataamini hata kabla hujamaliza kuongea." Akacheka kidogo. "Sheldon akifungiwa mechi za msimu huu, amekwisha. Miaka yote anatoa jasho, imekwisha. Unataka hivyo?"

Jasho lake nalijua, nilitaka kumwambia, mimi ndiye ninayelifua. Lakini mdomo wangu ni mzito mbele ya watu wakubwa. Nikatazama kopo.

"Na ile kozi ya kuhudumia wagonjwa, nitaku-register," akasema. "Kesho wakili anakuja. Mimi nitatafsiri. Wewe itika tu."

Ndipo nikaielewa ile chai. Alikuwa ameshawaambia. Kabla hata ya kuniuliza alikuwa ameshawagawia kanisa zima jina langu.

Asubuhi alinijia na neno jingine. "Lili, hiyo jeans toa. Vaa kitenge, na ufunge kichwa." Kitenge sikuwa nacho. Akanipa chake, kikubwa, kinanuka manukato yake. Nilipojiona kwenye kioo cha chooni niliona mtu wanayetaka kumwonyesha mgeni.

Wakili aliitwa Mark, mwembamba, viatu safi. Akaweka simu mezani ili irekodi. Sheldon alikuwa amevaa tai, amekaa mikono katikati ya mapaja kama mtoto wa komunyo. Baba Sheldon alikuwa anatazama zulia. Kopo lilikuwa katikati ya meza, limepanguswa vumbi.

Mark akauliza niliweka nini kwenye uji. Mama Sheldon akanigeukia kwa upole mkubwa.

"Anauliza uliweka nini."

"Ulezi, maziwa na ndimu," nikasema.

Akamtafsiria. Mimi nilisema maneno machache, yeye akatoa hadithi ndefu. Kiingereza changu ni cha vipande, nimekiokota kwenye televisheni na kwa daktari wa Shosho, lakini nilisikia mwarobaini, nikasikia bega, nikasikia kwamba nasikitika sana. Akanipapasa mgongo wakati anasema nasikitika.

Mark akauliza tena kitu. Hiki nilikielewa chote. Aliuliza kama kuna mtu mwingine pale nyumbani aliyeunywa ule uji.

Mama Sheldon hakunitafsiria. Alijibu mwenyewe: hakuna.

"Mimi," nikasema kwa Kiingereza.

Kila mtu akanitazama. Masikio yalinichemka. Nikaona nikinyamaza sasa, nitanyamaza mpaka nife, nikatoa vipande vyangu kimoja kimoja. "Mimi kunywa. Kila siku. Kikombe kilekile. Mimi kwanza, halafu yeye."

"Amechanganyikiwa," Mama Sheldon akasema haraka. "Lili, nyamaza, nitatafsiri."

Mark akainua mkono kumzuia. Akaniuliza polepole, kama kopo lile ni langu.

"Hapana. Hili kopo, kuona jana."

Akauliza kama nina hakika nilikunywa pamoja na Sheldon.

"Nipime," nikasema. "Mkojo wangu. Choo kiko hapo. Mimi tayari."

Aibu niliyoisikia! Mbele ya mzee wa kanisa, mbele ya wanaume watatu, nataja mkojo wangu nimevaa kitenge cha watu. Sheldon aliachia kicheko kifupi, kile cha puani. Mama yake akamtazama, akakimeza. Hakuna mwingine aliyecheka. Katika nyumba ile mkojo ulikuwa umeongelewa miezi, wa nani mchafu, wa nani usafishwe, na sasa mtu anatoa wa kwake bure hawautaki.

Mark akazima simu. Akamwambia Mama Sheldon kwamba kopo hilo yeye hajaliona, na wafikirie upya wanataka kumweleza nini atakaporudi Ijumaa. Akaondoka.

"Nyoka," Mama Sheldon akasema mlango ulipofungwa. "Nimekulisha. Nimekulaza kwenye kitanda cha wageni. Vua nguo yangu utoke."

Sheldon alikuwa ameshalegeza tai. "Sis," akaniambia kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "ungesema tu. Ni kitu kidogo." Akaenda kufungua friji.

Shosho alikuwa akiita chumbani: Kathure! Kathure! Sikuruhusiwa kumuaga.

Baba Sheldon ndiye aliyenirudisha Gulfton. Gari lilinuka chingamu ya mnanaa. Alikuwa anaitafuna mdomo wazi, kwa utaratibu, na baridi ya kiyoyozi ilikuwa inanipulizia harufu ile usoni njia nzima. Tulipoingia barabara ya 288 akaanza kuongea.

"Mama Sheldon ana hasira, lakini zitaisha. Wewe ni msichana mzuri. Sitaki uende na uchungu moyoni."

Akaongeza kiyoyozi.

"Hata hivyo tumepata njia. Ijumaa tutamwambia Mark ulikosea, uliogopa. Kopo ni la Shosho."

Nilifikiri sijasikia. "Shosho?"

"Wazee wetu wanajua miti. Alimwekea mjukuu wake dawa kwa upendo. Nani atamlaumu mwanamke wa miaka themanini?" Akahamisha chingamu upande wa pili. "Na tena, Lili, hata wakimuuliza hakumbuki kitu. Akiambiwa ni yeye ataitika. Kwa hiyo haitakuwa dhambi kwake. Mtu asiyekumbuka hawezi kusema uongo."

Alilisema kwa ile sauti yake ndogo ya kusoma matangazo kanisani. Nilimtazama mdomo ukitafuna. Huyu Shosho ndiye aliyemnyonyesha. Nilifungua kioo, nikatoa uso nje, joto la barabarani likanipiga, na hata moshi wa malori ulikuwa nafuu.

"Shosho hagusi jiko," nikasema. "Vile vishikio vya kuwashia gesi mlivitoa wenyewe, mmevifungia kwenye droo."

"Mark hajui hilo."

Tukafika. Akaegesha mbele ya jengo letu, kwenye kivuli. Watoto walikuwa wanapanda ngazi na kushuka, akina mama wamekaa nje na viti vya plastiki, mmoja akanipungia mkono.

"Haya," Baba Sheldon akasema. "Mungu akubariki."

"Mpigie Mark."

"Nani?"

"Mark. Mpigie hapa, na mimi nisikie."

Akatabasamu kama mtu anayeongea na mtoto. "Lili, shuka."

"Sishuki."

"Nina kazi."

"Sishuki, Baba Sheldon. Mpigie, au unirudishe Pearland, nikae mlangoni kwa Shosho mpaka Ijumaa."

Akazima injini. Joto likaingia. Watoto wakaja kuchungulia, mmoja akaweka paji la uso kwenye kioo chake. "Watu wanatuangalia," Baba Sheldon akasema.

"Waangalie."

"Mimi ni mzee wa kanisa. Wataonaje, nimekaa na msichana ndani ya gari?"

Nilijua jibu, na yeye alilijua. Alifuta kipara kwa leso, akawatazama wale akina mama, ambao sasa walikuwa wamegeuza viti vyao upande wetu.

"Umekasirika sana," akasema.

"Sijakasirika. Nawaona kinyaa. Nyinyi wote, na ile meza yenu. Hata mikono yangu naiona kinyaa kwa kuwafulia."

Sijawahi kusema hivyo kwa mtu mzima. Alifumba mdomo. Chingamu ikasimama. Akakaa hivyo, jasho likimtiririka shingoni na kuingia kwenye kola, kisha akachukua simu, akaigusa mara moja, mara ya pili. Mlio ukasikika ndani ya gari zima.

Mark alipoitika, Baba Sheldon aligeuza uso dirishani. Nikaisogelea ile sauti, nikaanza na jina langu, lote, na la baba yangu.